Swali la Mfalme Langoni

(Soma 2 Samweli 18, aya ya 19 hata 33.)

Habari hii yatuonyesha wapiga mbio wawili. Vita vimekwisha katika msitu wa Efraimu, na Yoabu amemtuma Mkushi kumpasha mfalme habari. Ahimaasi mwana wa Sadoki naye ataka kwenda mbio. Yoabu amwuliza kwa faida gani, lakini kijana hakubali kukatazwa. Ashika njia ya Bonde, ampita Mkushi. Mlinzi aliye juu ya lango amtambua toka mbali kwa mwendo wake tu. Basi afika wa kwanza, na mfalme hamsifu kwa miguu yake, wala haulizi amempitia wapi mwenzake. Ataka kujua neno moja, kama kijana Absalomu yu mzima. Na hapo mshindi ana nini mkononi? Asema aliona fujo kubwa, asijue ni nini, ingawa Yoabu alikwisha kumwambia. Aambiwa asimame kando.

Nimeichagua habari hii kwa ajili ya jambo lililotujia hapa Kilakala, nalo ni jambo la baisikeli.

Wasomaji walio mbali yafaa waelezwe kidogo. Kilakala ni mtaa wa mji wa Morogoro, jirani na Bigwa, chini ya milima ya Uluguru. Milima hiyo hupita meta 2,600 kwenda juu. Huko hutoka maji yaingiayo mto Ruvu, ambayo watu wa Dar es Salaam hunywa. Tena hushuka ndizi na mboga za kila namna. Kila mwenye baisikeli kwetu ajua kwamba kwenda juu ni jasho na kurudi ni upepo. Nyumba nyingi hazina mnyama wa mizigo ila chombo hiki. Mwenye mkaa hufunga magunia juu ya keria kwa mipira iliyokatwa katika matairi mabovu, hata ukimtazama kwa nyuma waona magunia tu yanayotembea. Mahali pa mlima hapandi. Husukuma, mkono mmoja katika usukani na mwingine katika mzigo. Watoto nao hujifunza kwa kupenyeza mguu chini ya bomba la juu, maana kiti hawajakifikia. Hata neno bodaboda, ambalo leo latuletea masikioni mlio wa pikipiki, lilizaliwa kwa baisikeli, huko Busia kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, watu walipochukuliwa toka mpaka hata mpaka katika miaka ya 1960. Abiria wengi wametwaliwa na pikipiki. Magunia ya mkaa na madumu ya maji bado yanangoja miguu ya vijana wetu.

Jioni mzigo ukiisha kuuzwa, vijana hurudi na baisikeli tupu, na baisikeli tupu humshawishi kijana. Hakuna mwamuzi wala karatasi ya majina. Mmoja hutaja mwembe ulio mbali, wenzake hukubali, na watazamaji huweka fedha. Wako wafunguao madigadi na keria ili chombo kiwe chepesi, na wengine hufungua hata breki, wakalizuia gurudumu kwa kandambili. Mmoja niliyemkemea alinijibu kwa Waebrania 12, ati twafundishwa kuweka kando kila kituleméacho. Nilicheka, maana si kila mwanafunzi wa kipaimara aikumbukaye sura yake. Lakini aliyeandika yale alitaja mzigo na dhambi, breki hakuitaja.

Majuzi mashindano hayo yalimgonga mama mmoja muuza ndizi kando ya barabara. Mkono wake ulivunjika, na ungo wake ukamwagika njiani. Aliyemgonga hakusimama, alifika mwembeni wa kwanza, na fedha zikalipwa. Kijana aliyekuwa wa pili aligeuka. Baisikeli yake ilikuwa bado na keria, kwa kuwa ni ya baba yake ya kuchukulia mkaa, naye akampakia mama yule, akamsukuma polepole hata hospitali.

Basi wazee wa kanisa walikutana. Wengine walisema kila kijana ashindanaye azuiliwe kipaimara mwaka huu, na mmoja akatukumbusha kwamba mbio za sakafuni huishia ukingoni. Nawaheshimu wazee wangu, lakini siwezi kuwafuata mpaka mwisho. Mbio si dhambi. Paulo hakuona haya kuwatolea Wakorintho mfano wa wapiga mbio wao. Mwaka 2024 Mwafrika mwenzetu, Biniam Girmay wa Eritrea, alivikwa fulana ya kijani katika mashindano makuu ya Ufaransa, na Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baisikeli za barabarani yalifanywa Kigali, mara ya kwanza katika nchi ya Afrika. Miguu yenye nguvu ni kazi ya Mwumba, na milima ya Uluguru imewafundisha vijana wetu zaidi ya mwalimu yeyote. Wala tusisahau upande wa pili. Agosti 2022 Mkenya Sule Kangangi, nahodha wa wenzake, mtu aliyeijua kazi yake sana, alianguka akafa katika mashindano ya Vermont, Marekani, akaacha mke na watoto. Ikiwa mtu kama huyo aliweza kuanguka, itakuwaje kwa asiye na breki, katika njia ya malori?

Linalonihuzunisha mimi ni kwamba baisikeli ni jembe la nyumba. Ukipinda mzingo wa gurudumu, unga wa juma zima umekwenda pamoja nao. Tena lanihuzunisha kwamba mtu alisikia kilio nyuma yake, asigeuke.

Tazameni tena langoni. Jeshi limeshinda, na mfalme analia. Furaha ya siku ile yote haikumfikia, kwa sababu jibu la swali lake lilikuwa baya. Mama aketiye mlangoni jua likichwa, akisikiliza kengele ya baisikeli, naye ndivyo alivyo. Mwanawe akifika hatamwuliza alikuwa wa ngapi. Na Baba aliye mbinguni je, amwuliza nani mambo ya mwembe?

Lakini swali hili latupasa sisi wazee pia. Vijana hawa huamka usiku, hushuka gizani na magunia, hurudi na vumbi jeusi kifuani. Ni nani kwetu amewauliza kama ni wazima? Twanunua mkaa wao, na bei twaivuta hata shilingi ya mwisho, kisha Jumapili twawahukumu.

Kipaimara hakitazuiliwa kwa ajili ya mbio, hilo tumepatana. Breki zitatazamwa na fundi aliye mshirika wetu, asitoze kitu. Yule mama mkono wake umefungwa, na vijana hupokezana kumchukulia ndizi zake sokoni.

Fedha za siku ile bado ziko kwa mshindi. Yeye ni mwanafunzi wangu, na tangu jioni ile hajaonekana darasani wala kanisani. Jumamosi nitakwenda kwao, naye nitamwuliza kwanza kama hajambo.