Amana Yenye Nakala Nyingi

Katika fikihi ya madhehebu ya Shafii, inayofuatwa na Waislamu wengi wa Msimbati na wa vijiji vingine vya pwani ya Mtwara, amana ni kitu ambacho mwenyewe amekiweka kwa mwingine ili akitunze. Mtunzaji halipi hasara isiyotokana na uzembe wake, lakini hana ruhusa ya kukikabidhi kwa mtu wa tatu bila idhini ya mwenyewe, wala kuchelewa kukirejesha pasipo udhuru kinapodaiwa. Hukumu hizo zilijengwa juu ya vitu visivyoweza kuwa mahali pawili kwa wakati mmoja, kama vile fedha, nguo, mnyama au jahazi. Swali ni kama zinaweza kusimama pale kinachowekwa mikononi mwa wengine kinapokuwa picha, na hasa picha iliyopakiwa katika mtandao wa kijamii wa shirikisho.

Mtandao wa shirikisho, kama Mastodon ulioanzishwa na Eugen Rochko mwaka 2016, ni kundi la seva, yaani kompyuta zinazohifadhi taarifa za watumiaji na kuzitoa zinapohitajika. Kila seva ina msimamizi wake na kanuni zake, ila zote huwasiliana kwa itifaki moja iitwayo ActivityPub, iliyopitishwa na shirika la viwango vya wavuti, W3C, Januari 2018. Ichukuliwe picha ya mwali wa Msimbati siku ya kutoka unyagoni, kanga mpya nyekundu begani na uso unang'aa mafuta, ambayo shangazi yake ameipakia kwenye seva iliyoko Ujerumani. Seva hiyo haizipelekei nyingine picha yenyewe, bali ujumbe wenye anwani yake, pamoja na mfuatano mfupi wa herufi ambao ukifasiriwa hutoa ukungu wa rangi tu, weusi wa uso na wekundu wa kanga, ili mtazamaji apate kivuli kabla picha haijafika. Kisha kila seva yenye mfuasi wa shangazi huyo huifuata picha kwenye anwani ile, huinakili na kuiweka katika akiba yake, ambamo hukaa siku chache au miaka, kadiri msimamizi alivyopanga. Siku mwali atakapoomba ifutwe, seva ya kwanza itazitumia nyingine amri ya kufuta, na nyingi zitatii, lakini iliyozimika siku hiyo, au inayoendeshwa na programu isiyojali amri, itabaki na uso wake.

Vitu visivyonakilika haviko hivyo. Gesi asilia ya Ghuba ya Mnazi, iliyogunduliwa mwaka 1982, kila inapotoka Msimbati hupungua ardhini, na ikishachomwa Dar es Salaam haipo tena. Picha hutoka bila kupungua, na ndiyo maana kurejeshwa kwake ni kugumu kuthibitisha. Kwa kitu kimoja tu uthibitisho ni rahisi: mwaka 1984 kinyago cha lipiko cha Wamakonde kiliibwa katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, kikaishia katika makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva, na Mei 2010 kikarejeshwa Tanzania. Hakuna aliyehitaji kuapa kwamba kimerudi, kwa kuwa kilipokuwa Dar es Salaam hakikuwa Geneva.

Yupo atakayesema kwamba nakala si amana, maana mwenye picha hajapungukiwa na kitu. Hoja hiyo ina nguvu kwa upande wa mali, lakini kinyago hicho hicho kinaijibu. Mchezaji wa lipiko hukivaa kichwa kizima na kuchungulia kupitia mdomo wake, mwili wote umefunikwa nguo asijulikane ni nani, na ngoma ikiisha kinyago hufichwa ili wasiopita jandoni wasikione. Wenye mila hawakuwa wakificha mti. Walilinda haki ya kuamua nani aone na lini. Uso wa mwali una sitara ya namna hiyo, na seva inayounakili, hata bila kumjua, imepokea sitara hiyo pamoja na rangi. Idhini ya shangazi aliyechagua picha ionekane na wote hupunguza lawama, ila uso si wake.

Amri ya kufuta, basi, ni kudai amana. Seva iliyozimika ina udhuru mpaka itakapowaka, na ikishawaka inapasa iulize yenyewe ilikochukua picha kama bado inaruhusiwa kuwa nayo, mithili ya mtunzaji aliyerudi safarini. Msimamizi anayemwaga akiba yake kila baada ya siku saba yuko karibu zaidi na hukumu ya amana kuliko anayelimbikiza kila kitu, ingawa seva ya asili ikifa baada ya wote kumwaga, picha itakuwa imepotea kwa kila mtu, pamoja na mwali mwenyewe, ambaye huenda akaitafuta siku atakapokuwa na binti wa kumpeleka unyagoni.