Nani Asamehe kwa Niaba ya Tamari?

Katika Biblia, Tamari binti Daudi alipobakwa na Amnoni, kaka yake wa baba mmoja, hakujificha. Alirarua vazi lake refu, akajitia majivu kichwani, akaenda akilia mbele ya macho ya watu. Aliyemnyamazisha ni Absalomu, ndugu yake wa tumbo moja, kwa hoja kwamba mkosaji ni wa nyumbani. Mfalme Daudi alikasirika sana, na hasira yake ikaishia hapo.

Roret, kwenye mashamba ya chai ya Bureti, Kaunti ya Kericho, kisa hiki hakihitaji mfasiri. Makanisa ni mengi, na neno la wazee wa kokwet, yaani baraza la kijiji, bado lina uzito. Kama ilivyo katika vijiji vingi vya Kenya, binti akibakwa na jamaa au jirani, familia mbili huweza kuketi, fidia ikatajwa, na mchungaji akaombwa afungue kikao kwa sala. Neno linalorudiwa hapo ni msamaha.

Lakini msamaha huo ni wa nani? Mzee hana uwezo wa kufuta deni asilolidai. Aliyeumizwa ndiye mwenye kusamehe, akitaka, na siku atakayotaka yeye. Sheria ya Makosa ya Ngono ya mwaka 2006, iliyopelekwa bungeni na Njoki Ndung'u, wakati huo mbunge, nayo haikuwaachia wazee uamuzi wa kusimamisha kesi. Wazee wanaogopa uhasama wa koo, na hofu hiyo si ya kupuuzwa. Hata hivyo, ukimya wa nyumba ya Daudi haukuleta amani: baada ya miaka miwili Absalomu aliagiza Amnoni auawe.

Kikao kikiendelea, saa nazo zinakwenda. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU, yaani PEP, lazima zianze ndani ya saa 72, kisha zimezwe siku 28. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba mwisho wake ni saa 120. Jambo la Jumatano usiku likisubiri wazee watoke ibadani Jumapili, nafasi ya PEP imekwisha.

Hapo ndipo imani inapokutana na ombi gumu: usioge kwanza. Anayehisi amechafuliwa hutamani maji kuliko kitu chochote, na dini yenyewe imemfundisha kwamba maji hutakasa. Ila unajisi huo si wake. Kilicho mwilini mwake na kwenye nguo zake ni alama ya mtenda, kama lile vazi la Tamari lililoraruka. Nguo zisifuliwe, zikunjwe kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki, maana unyevu huotesha ukungu na kuharibu ushahidi. Aliyekwisha kuoga aende hospitali vilevile. Mahakama za Kenya zimeshasema kwamba ubakaji unaweza kuthibitishwa hata bila ushahidi wa daktari.

Hospitalini, iwe Kapkatet au Litein, matibabu hayapaswi kusubiri karatasi ya polisi. Mhudumu hueleza kila hatua kabla ya kumgusa, na mgonjwa ana haki ya kukataa hatua yoyote. Fomu ya PRC, yaani ya huduma baada ya kubakwa, hujazwa nakala tatu: ya polisi, ya hospitali na ya mwathiriwa mwenyewe. Fomu ya P3, ya ripoti ya uchunguzi wa daktari, hutoka polisi.

Shinikizo hili haliko majumbani tu. Mwaka 2023 zaidi ya wanawake 70 wa mashamba ya chai ya Kenya, Kericho ikiwemo, waliiambia BBC jinsi wasimamizi wao walivyowadhulumu kingono. Baadhi yao walisema walivumilia ili wasikose kibarua, kama binti anavyonyamazishwa ili ukoo usivunjike.

Wachungaji wa Roret, mama akibisha hodi usiku na binti yake, tafuteni kwanza gari au bodaboda ya kuwafikisha hospitali, na sala iwe njiani. Mkihitaji ushauri, pigeni 1195, nambari ya msaada kwa waathiriwa wa ukatili wa kijinsia. Simu hiyo ni ya bure, usiku na mchana.