Mbegu ya Mbarika na Anayekuambia "Meza Tu"

  

Ndugu zangu wanafunzi, mmea nitakaouzungumzia mnaupita mkienda darasani. Umeota nyuma ya mabweni na kando ya majalala: majani mapana yaliyochanuka kama kiganja, matunda yenye miiba laini, na mbegu za madoadoa mfano wa kupe aliyeshiba. Hata jina lake la kitaalamu, Ricinus, kwa Kilatini ni kupe. Sisi twauita mbarika, wengine mbono au mnyonyo. Warundi na Wanyarwanda husema ikibonobono, Waganda nsogasoga.

Dada mmoja aliyeolewa aliniuliza baada ya darsa. Kuna mama anawauzia wasichana mbegu hizi na kuwaambia: meza moja nzima, mwaka mzima hushiki mimba. Je, inajuzu? Kupanga uzazi ndani ya ndoa kuna maelezo yake, na maulamaa wamelijadili tangu suala la azl zama za masahaba. Lakini hapa kabla ya mimba kuna roho.

Ndani ya mbegu hiyo mna sumu iitwayo risini. Huingia katika seli za mwili na kuzizuia zisitengeneze protini, nazo hufa. Mwaka 1978, jijini London, mwandishi wa Bulgaria Georgi Markov alichomwa mguuni kwa kidonge cha metali kidogo mfano wa kichwa cha pini, akafa baada ya siku 4. Wachunguzi walihitimisha kuwa ni risini.

Dada yule akasema: "Lakini wenzangu watatu wamemeza, wako salama." Naam, na hapo ndipo watu wanapopotea. Ganda la mbegu ni gumu. Ikimezwa nzima huweza kupita tumboni na kutoka kama ilivyoingia. Ikitafunwa, au ganda likiwa limepasuka, sumu inatoka. Kwa hiyo waliosalimika hawakulindwa na ujuzi wa muuzaji, wala kupita kwa mbegu si kuzuia mimba. Imani hii hudumu kwa sababu wazima ndio wanaosimulia.

Mtu atasema: mbona bibi zetu walitumia mafuta yake? Kweli, na ni neema. Yalipakwa nywele na ngozi, yakanywewa kidogo kufungua choo. Risini haiyeyuki katika mafuta. Hubaki kwenye mashudu, na moto huiharibu. Bibi aliyekaanga, akatwanga, akachemsha na kuengua mafuta juu ya maji hakuwa anabahatisha. Hata hivyo mafuta hayo huchochea utumbo na mji wa mimba pia, basi mjamzito asiyanywe ila kwa kauli ya daktari. Na mashudu usimpe mbuzi.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba Allah hakuteremsha maradhi ila ameteremsha tiba yake. Wauzaji wa dawa wanaipenda sana hadithi hii. Ile iliyopokewa na Abu Dawud hawaitaji: anayejitia utabibu ilhali hajulikani kwa utabibu, hubeba dhamana ya atakachosababisha. Na imepokewa na Tirmidhi kukatazwa dawa mbaya, ikafafanuliwa kuwa ni sumu. Maana yake yule mama anadaiwa, na rafiki anayempelekea wateja naye ajitazame.

Kuna pia wanaotunga mbegu hizi kwenye uzi na kumvika mtoto kuzuia jicho baya. Hirizi imekatazwa kwa ajili ya tauhidi. Hii ina ubaya wa pili: mtoto anayeota meno hutafuna kila kilicho shingoni mwake.

Ikiwa mwenzako ametafuna mbegu, usingoje dalili, maana huweza kuchelewa kwa saa kadhaa: kutapika, tumbo kukata, kuhara hata damu, mwili kukauka maji. Risini haina dawa ya kuipindua. Hospitali humwongezea maji na kumwangalia, na kuwahi ndiko kunakosaidia. Usimpe maziwa wala kumtapisha kwa nguvu. Chukua mbegu zilizobaki, mwonyeshe daktari, na mwambie kweli alimeza ngapi na kwa nini. Aibu ya chumbani mtaizungumza akishapona, inshaallah.