Moto Uliotoka Shambani ni wa Nani?

Miezi ya kiangazi ifikapo, nyasi za Shinyanga hukauka hata zikalia chini ya miguu, na moshi huonekana pande zote. Mkulima husafisha shamba. Mchungaji hutaka majani machanga yachipue. Mrina asali hufukuza nyuki. Kila mmoja ana haja yake, na haja hizo si mbaya. Mahali pengine hata sheria huuamuru moto: mkulima wa pamba hutakiwa kung'oa mashina baada ya mavuno na kuyachoma, ili wadudu waharibifu wasipate pa kukaa mpaka msimu mwingine. Basi swali letu si kama moto ni mwema au ni mbaya. Swali ni hili: mtu aliyewasha moto kwa haja njema shambani mwake, kisha upepo ukauchukua ukateketeza malisho ya jirani, je, ana deni?

Wengi husema hana. Husema, "Mimi niliwasha kwangu, upepo si wangu." Neno hili lina nguvu kidogo, kwa kuwa hatumhukumu asiyekusudia kama tumhukumuvyo aliyekusudia. Lakini Sheria ya Musa, katika kitabu cha Kutoka, sura ya 22, haikulikubali. Hutajwa pale moto ulioshika miiba ukafika penye nafaka ya mtu mwingine, na aliyewasha hupaswa kulipa. Haulizwi alikuwa na nia gani. Naona haki katika jambo hilo, maana upepo wa kiangazi si mgeni kwetu. Awashaye moto saa nane mchana, mwezi wa Septemba, hawezi kusema ya kuwa upepo ulimshtukiza. Aliujua, akabahatisha kwa mali ya mwenzake. Deni lake lilianza kabla moto haujatoka, alipowasha kiberiti bila kumwambia jirani, bila kulima ukanda mtupu kuzunguka shamba, bila kungoja jioni upepo utulie, wala kuwa na watu wenye matawi mabichi na maji karibu. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 nayo imekataza kuchoma mapori bila ruhusa. Lakini mwenye kungoja sheria imwambie habari ya jirani yake amechelewa.

Nchi ya Shinyanga ina ushuhuda wake. Katika miaka ya 1920, C. F. M. Swynnerton, aliyekuwa mkuu wa idara ya wanyama wa porini katika Tanganyika, alifanya majaribio huko ya kumpiga vita mbung'o, yule nzi aletaye malale kwa watu na nagana kwa ng'ombe. Moto wa mapema, uchomao nyasi zingali na ubichi, hupita huku na huku ukaviacha vichaka. Bali nyasi zikiachwa mpaka zikauke kabisa, moto mmoja mkali huviunguza vichaka ambamo mbung'o hupata kivuli. Lakini ili moto huo wa mwisho ufae, ilipasa nyasi zilindwe muda mrefu, asiwepo hata mmoja awashaye kabla ya siku iliyopangwa. Askari wa kulinda kila pori wasingaliweza kupatikana. Kazi ilitegemea watemi na watu wao, na mtu mmoja mwenye haraka aliweza kuharibu saburi ya maelfu.

Wala tusiusifu moto ule kupita kiasi. Kufyeka na kuchoma vile, pamoja na wingi wa mifugo na mashamba, vilisaidia kuiacha nchi uchi, hata mwaka 1986 serikali ikaanzisha kazi ya Hifadhi Ardhi Shinyanga, iitwayo HASHI. Hapo watu waliirudia desturi yao ya ngitili, yaani kuyafunga malisho wakati wa mvua ili yaliwe wakati wa njaa ya ng'ombe. Mwaka ule ngitili zilizoandikwa zilikuwa hekta 600 hivi. Miaka isiyozidi ishirini baadaye zilipita hekta 300,000, na mwaka 2002 kazi hiyo ilipewa tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Mbuzi huiharibu ngitili kidogo kidogo. Moto huimaliza kwa alasiri moja. Mwenye ngitili aliyejinyima tangu mvua za masika hubaki na majivu mwezi wa Oktoba, na ndama wake hawali majivu. Ndiyo maana dagashida, baraza la kijiji, haikuona aibu kumtoza faini aliyewasha, hata akiwa ndugu.

Na yule asiyewasha? Katika Usukuma mwano ukipigwa, yaani ule ukelele wa hatari, kila mtu hutoka, na asiyetoka huulizwa sababu. Sungusungu wa miaka ya 1980 waliufuata mwano kuwakamata wezi wa ng'ombe. Sioni kwa nini moto uheshimiwe kuliko mwizi. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, lililowekwa kwa sheria ya mwaka 2007, hufundisha watu na huitwa kwa simu namba 114. Lakini magari yake hukaa mijini, na nyasi hazingoji gari. Kijijini wazima moto wa kwanza ni majirani, wapende wasipende.

Swali huwa gumu zaidi katika machimbo ya dhahabu ya Geita. Huko watu wametoka pande nyingi, vibanda vya turubai na nyasi hubanana, majiko ya mkaa huwaka ndani, na jirani wa leo kesho amehamia shimo jingine. Hakuna mwano ambao wote wameuzoea, wala dagashida ya kutoza faini. Mtu atamwambia nani kabla ya kuwasha? Wengine hudhani ya kuwa pasipo ujirani wa zamani hapana deni. Mimi naona kinyume, kwa sababu mgeni hajui pa kukimbilia, na deni kwake huzidi. Katika kambi kama hizo katekista, ambaye hujulikana na wengi, angeweza kuanza kwa kuuliza penye watu: tukisikia ukelele wa moto usiku huu, ni nani atakayeshika ndoo, na maji yako wapi?