Kwa Ajili ya Asiye na Kompaila



Mwanafunzi ameazimwa kompyuta ya Windows kwa ajili ya mradi wake wa chuo. Anafungua Python, lugha ya kuandikia programu, anaagiza maktaba moja ya hesabu, anasubiri. Badala ya maktaba, skrini inajaa maandishi mekundu: mashine haina kompaila ya C++, akaitafute kwanza. Zana zenyewe ni gigabaiti kadhaa, na anayenunua bando la siku anajua uzito wake. Anajaribu tena. Maandishi ni yaleyale. Taratibu anaanza kuamini kwamba kasoro ni yake.

Maskini, hana kosa. Maktaba kama NumPy hutumika ndani ya Python, lakini kiini chake kimeandikwa kwa lugha ya C, na mashine haiielewi lugha hiyo mpaka kompaila iigeuze. Anayepewa msimbo mtupu bila cha kuugeuzia amepewa mahindi mahali pasipo na mashine ya kusaga. Amepewa, ndiyo, na bado atalala njaa.

Katika maabara moja ya Chuo Kikuu cha California, Irvine, alikuwapo mtafiti aitwaye Christoph Gohlke. Kwa miaka mingi alichukua maktaba za watu wengine, akazijenga, yaani akazigeuza ziwe tayari kwa mashine za Windows, akaziweka wazi zichukuliwe bure na yeyote. Aliziita zisizo rasmi. Nyingi kati ya hizo hakuziandika yeye. Waandishi wake walikuwa wamemaliza sehemu yao, na wangeweza kusema kwa haki kabisa: msimbo upo, anayetaka ajijengee. Kilichobaki ni hatua ile ya mwisho, ya kuchosha, ambayo mtu hasifiwi kwayo. Akaifanya, toleo baada ya toleo, hadi mwaka 2022 ufadhili wa maabara ulipokwisha na huduma ikasimama. Kufikia hapo, miradi mingi ilikuwa imeanza kutoa vifurushi vyake yenyewe vilivyo tayari.

Nakaa kwenye hatua hiyo kwa sababu hapo ndipo msamaha wetu mwingi hukwama. “Nimemsamehe,” twasema, “ila aje mwenyewe, aketi, aeleze alikosa wapi, aombe vizuri.” Sharti hilo si baya kila mara; yapo makosa ambayo ukweli wake lazima usemwe, na aliyeumizwa alindwe. Lakini je, umewahi kujiuliza kama ndugu huyo anayo maneno ya kuombea msamaha? Yupo aliyekulia katika nyumba ambayo baba hakumwambia mtu samahani hata siku moja. Moyo unajuta, mdomo hauna pa kuanzia. Anakuja kwako jioni, anaulizia hali ya ng’ombe, anasifia chai, anaaga. Pengine toba anayoiweza ni hiyo. Utaipokea?

Upande wa Linux kulikuwa na ugumu mwingine. Mifumo ya Linux ni mingi, na programu iliyojengwa kwenye mfumo mpya mara nyingi hugoma kwenye mfumo wa zamani, ilhali ile iliyojengwa kwenye wa zamani kwa kawaida hukubali kwenye mpya. Basi mwaka 2016, katika utaratibu ulioitwa manylinux1, watu wa Python wakakubaliana vifurushi vijengwe juu ya CentOS 5, mfumo uliotoka mwaka 2007. Mifumo mipya ilikuwapo tele. Waliteremka kwa hiari, ili mwenye mashine iliyochakaa naye apate. Na vile vipande vidogo ambavyo maktaba huvitegemea, programu iitwayo auditwheel huvinakili na kuvitia ndani ya kifurushi hichohicho, mpokeaji asitumwe huku na huku kuvitafuta. Mtume Paulo, katika sura ya 15 ya waraka kwa Warumi, anawageuza wenye nguvu wautazame udhaifu wa wenzao na kuubeba. Mimi naona upendo mwingi zaidi katika kuteremka namna hii kuliko katika hotuba zetu ndefu za harusini.

Nyumbani kwako huku kuteremka kukoje? Kwa mke aliyeudhika, huenda ni kumwambia mumewe, “Kilichoniuma ni kwamba hukupiga simu,” badala ya kununa juma zima ili akisie mwenyewe. Kwa anayemwalika mama mkwe kutoka kijijini, ni kutuma mwaliko pamoja na nauli. Kwa mzazi, ni kuketi na mtoto aliyevunja sahani na kumfundisha namna ya kusema samahani, polepole, neno kwa neno, kabla ya kumdai aiseme.

Kazi hii haiishi, mpendwa. Python hutoa toleo jipya kila mwaka, mwezi Oktoba, na vifurushi vingi vilivyojengewa toleo la 3.11 havikubali kwenye 3.12. Wajenzi hujenga tena. Petro naye alitaka kujua kikomo, asamehe mara ngapi, na jibu alilopewa halikumwachia nafasi ya kuhesabu. Yule uliyempokea mwaka jana tangu hapo amefiwa, au amepoteza kazi, au ana hasira ambayo hukuwahi kuiona. Wiki hii, unaweza kuanza naye upya, kwa jinsi alivyo sasa?