Kijani Kilikuwa cha Nani?

Msaada ukishafika na ukafaa, kuna haja ya kuuliza ulipitia wapi? Swali hili nimelipata kwa panya.

Nyuma ya jicho kuna retina, utando mwembamba wa seli za neva. Zile za kupokea mwanga zikifa, miili yetu haioteshi nyingine, ndiyo maana wanasayansi wanajaribu kupandikiza. Mwaka wa 2006, watafiti wa London na wenzao walitangaza katika jarida la Nature kwamba wamefaulu kwa panya. Walichukua seli changa, ambazo zimeshaamua zitakuwa nini lakini bado hazijakomaa, kutoka kwa panya waliobadilishwa jeni ili seli zao zing'ae kijani. Wiki chache baadaye, ndani ya retina ya mwenyeji zikaonekana seli za kijani zilizokomaa na kuungana na majirani. Ikasemekana wageni wameingia.

Mwaka wa 2016, maabara kadhaa zikaonyesha jambo tofauti. Wageni wengi walibaki nje ya mlango. Walichofanya ni kupitisha protini zao kwa seli za mwenyeji, na hizo ndizo zilizokuwa zinang'aa. Tena haikupita rangi tu, zilipita hata protini za kuonea ambazo mwenyeji alizikosa tangu kuzaliwa. Rachael Pearson, mmoja wa waliotoa habari hiyo, alikuwa pia kwenye timu ya 2006.

Utasema, sasa shida iko wapi? Si panya anaona? Tenda wema nenda zako. Naipenda methali hiyo, lakini inamfunza mtoaji peke yake. Kuna mtu wa tatu, yule anayesubiri zamu yake. Kama seli zake zote za mwanga zimekufa, hakuna aliyebaki wa kupokea protini. Yeye anahitaji seli mpya kabisa, ziote nyuzi, ziungane na neva zilizobaki. Tukiridhika na kile kijani, tutampa dawa ya mwenzake, na haitamfaa.

Ndiyo maana hizi hadithi za "nimejitengeneza mwenyewe" hunisumbua. Kule maabara, mgeni alipewa sifa za kazi ya mwenyeji. Huku mtaani tunageuza: mwenyeji anang'aa, na aliyempa hatajwi.

Niliacha chuo nikaanza kuandika, na kuna vijana huniuliza nimewezaje. Huwa nawaambia wazi kwamba mwaka wa kwanza kodi alilipa dada yangu. Wengine hawalipendi jibu hilo, walikuja kusikia habari za bidii. Bidii ipo, sikatai. Lakini asiye na dada akiiga bidii yangu tu, mwezi wa tatu landilodi atampigia kufuli, halafu sisi tutasema alikuwa mvivu.