Umbali kama Suala la Kimaadili: Kulungu, Gobore na Mpigaji katika Riwaya Mbili za Cooper

1.0 Utangulizi

Je, pana tofauti yoyote ya kimaadili baina ya kumuua mnyama aliye umbali wa mita 60 na kumuua aliye umbali wa mita 300, iwapo mwindaji ni yule yule na nyama italiwa vile vile? Swali hili limezua mjadala mkali nchini Marekani miongoni mwa wanaowinda kulungu kwa bunduki za kushindilia, yaani zile ambazo baruti na risasi huingizwa kupitia mdomo wa mtutu. Kiswahili kinazijua bunduki hizo kwa jina la gobore. Makala haya yanakusudia kulichunguza swali hilo kwa kulipeleka katika riwaya mbili za James Fenimore Cooper, The Pioneers (1823) na The Deerslayer (1841), ambamo gobore na kulungu vina nafasi kubwa.

Huenda msomaji akashangaa. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka wa 1977, na kulungu tunayemzungumzia hapa hayumo katika misitu yetu. Sisi hulitumia jina hilo kwa mnyama mwenye pembe zilizosokotwa. Yule wa Amerika ni wa jamii nyingine, na dume lake huota pembe zenye matawi ambazo huanguka na kuota upya kila mwaka. Hata hivyo, suala lenyewe halina mipaka ya nchi. Linahusu kila tendo ambalo mtendaji wake yuko mbali na anayetendewa. Isitoshe, umbali ni istilahi ya uhakiki pia: hatuwezi kuijadili riwaya bila ya kuuliza msimulizi amesimama wapi na anatuonyesha nini.

Tunadai kwamba kinachoufanya umbali uwe suala la kimaadili si mita zenyewe, bali ni shaka. Kadiri umbali unavyoongezeka ndivyo yanavyoongezeka mambo ambayo mpigaji hawezi kuyajua anapofyatua. Na gharama ya kutojua huko haimwangukii yeye.

2.0 Gobore na Masharti Yake

Hatuna budi kwanza kuielewa silaha yenyewe. Mwindaji wa kale alipima baruti, akaimimina mtutuni, akatia risasi ya mviringo iliyofungwa kitambaa, kisha akaishindilia kwa mdeki hadi ikakaa juu ya baruti. Moto uliwashwa kwa jiwe la gumegume na, baadaye katika karne ya 19, kwa fataki. Tokeo lilikuwa mlio mmoja, wingu la moshi mzito na mtutu mtupu. Kushindilia upya kulichukua muda ambao ulimtosha kulungu kutoweka kabisa. Zaidi ya hayo, risasi ya mviringo hupoteza kasi upesi hewani, na kwa sababu hiyo umbali wa kuaminika kwa mwindaji wa kawaida haukuzidi sana mita 90.

Masharti haya matatu, yaani risasi moja, moshi na umbali mfupi, yalimlazimisha mwindaji kuwa na tabia fulani. Ilimbidi anyate, asome upepo, asubiri. Na mara nyingi ilimbidi arudi nyumbani mikono mitupu. Watunga sheria wa majimbo kadhaa ya Marekani waliliona hilo walipoweka misimu maalumu ya bunduki za kushindilia. Pennsylvania, kwa mfano, ilianzisha msimu wake wa bunduki za gumegume mwaka wa 1974. Udhaifu wa silaha ulikuwa ndio sababu ya msimu: mwenye kukubali kujifunga kwa masharti magumu alipewa siku zake mwenyewe za kuwinda.

Mambo yalianza kubadilika mwaka wa 1985, fundi Tony Knight wa Missouri alipotoa gobore la namna mpya, ambalo fataki yake imepangwa nyuma ya baruti katika mstari mmoja na mtutu. Baada ya hapo zilienea risasi ndefu zilizochongoka, zilizovikwa plastiki ili zikamatwe vizuri na mifereji ya mtutu, pamoja na baruti iliyofinyangwa kuwa vidonge, darubini za kulengea na vyombo vya kupima umbali kwa leza. Leo zipo bunduki za kushindilia zinazotangazwa kuwa zinafaa kwa mita 300 na zaidi. Baadhi ya majimbo yamekataa mwelekeo huo. Colorado, kwa mfano, hairuhusu darubini katika msimu wa bunduki hizi.

Mhakiki wa ushairi hatapata shida kuitambua hali hii. Ni kama utungo uliobakiza umbo la beti katika ukurasa huku mizani na vina vimeondolewa, na bado mtunzi anadai asifiwe kwa kuzimudu arudhi. Hatusemi kwamba utungo huo lazima uwe mbaya. Tunasema kwamba sifa inayodaiwa ni ya kazi nyingine. Lakini hoja hii, ingawa ina uzito, inamhusu mwindaji na msimu wake tu. Haijamgusa kulungu.

3.0 Risasi ya Tano na Macho ya Tai

Cooper anamwingiza kulungu mwanzoni kabisa mwa The Pioneers. Ni mkesha wa Krismasi mwaka wa 1793. Jaji Marmaduke Temple, mwenye ardhi na mwenye sheria, anapita msituni katika gari la thelujini. Kulungu dume anatokeza mbio. Jaji anachupa nje na kufyatua bunduki yake ya kupigia ndege. Milio mingine inafuata, na kulungu anaanguka. Jaji anadai kuwa mnyama ni wake. Mzozo unaozuka unakatwa na hesabu: bunduki yake ilikuwa na vipande vitano vya risasi, vinne vinaonekana vimekwama katika mti, je, cha tano kiko wapi? Kijana Oliver Edwards, aliyekuwa amesimama kando, anaonyesha bega lake. Cha tano kimo mwilini mwake.

Wahakiki wengi wamelisoma tukio hili kama mgogoro wa umiliki, na usomaji huo ni sahihi: nani mwenye kulungu, nani mwenye msitu, nani mwenye nchi? Lakini lina maana nyingine ya wazi zaidi. Jaji hakujua risasi zake zilikokwenda. Alijua alichokikusudia, na kwa muda akauchukulia mradi wake kuwa ndio tokeo lake. Wahenga walisema kwamba mkuki kwa nguruwe ni mtamu, kwa binadamu ni mchungu. Uchungu unamfikia jaji kwa sababu tu risasi iliyopotea ilimpata kiumbe mwenye kinywa cha kujibu. Lau ingempata kulungu wa pili aliyefichwa na miti, tungebaki na zile nne zilizo katika mti, na hesabu isingeulizwa.

Tukio la pili ni zito zaidi. Katika The Deerslayer, Natty Bumppo anapewa na Judith bunduki iitwayo Killdeer, gobore refu lenye sifa ya kulenga mbali. Anataka kuijaribu. Juu sana angani anapaa tai, na Natty, mbele ya rafiki yake Chingachgook na wanawake wanaotazama, anakubali mvuto wa shabaha ngumu. Anafyatua, na ndege anaanguka katika mashua. Chingachgook anamwinua kwa mabawa. Macho ya tai anayekufa yamewakazia waliomuua. Hapo ndipo Natty anapojutia tendo lake na kukiri kwamba uhai umetolewa kwa ajili ya majivuno tu.

Tuangalie jinsi tukio lilivyopangwa. Tai alipokuwa juu, alikuwa shabaha: nukta angani, kipimo cha bunduki na cha jicho la mpigaji. Sifa ya tendo ilitokana na umbali wake. Ndege aliye karibu asingekuwa na maana katika mashindano hayo. Kisha Cooper anaufuta umbali. Anamleta tai hadi katika mashua na kumpa macho. Hakuna kilichobadilika kuhusu tai. Kilichobadilika ni mahali msimulizi alipotusimamisha. Majuto ya Natty yanatokana na maarifa ambayo yangeweza kupatikana kabla ya kufyatua, lakini umbali uliyaficha.

Ni muhimu kukumbuka kwamba Natty si mtu wa huruma rahisi. Anaishi kwa kuua. Katika The Pioneers, wanakijiji wanapowaangamiza njiwa kwa maelfu, hata kwa mzinga, yeye anampiga njiwa mmoja kwa risasi moja na kusema yatosha. Kwa hiyo Cooper hamlaumu mwindaji kwa kuwa ni mwindaji. Anautenga mtego mmoja mahususi ambao unaweza kumnasa hata mwindaji bora: ule wa kugeuza uhai kuwa kipimo cha ustadi.

4.0 Hoja ya Upande wa Pili

Haitakuwa haki kuwahukumu watetezi wa umbali bila ya kuwasikiliza. Hoja yao kuu ina nguvu. Wanasema kwamba risasi ya kisasa, ikilengwa kwa darubini na mtu aliyejizoeza, huua kwa uhakika zaidi katika mita 150 kuliko ile ya mviringo katika mita 80. Ikiwa kinachotuhusu ni mateso ya mnyama, basi gobore la kale ndilo linalostahili lawama. Tunalikubali hilo bila ya masharti. Mbao, gumegume na moshi havimtakasi mtu. Wapo wanaoisifu silaha ya babu zao kana kwamba ukale ni wema, ilhali jeraha lililotokana na kifaa cha kale haliumi kidogo. Kutamani ya kale si maadili.

Lakini hoja hiyo haivuki hadi mita 300. Tuseme risasi inatoka mtutuni kwa kasi ya mita 600 kwa sekunde. Kwa kuwa hewa huipunguza kasi, itachukua takriban sekunde 0.6 kufika. Katika muda huo itakuwa imeshuka zaidi ya mita moja na nusu chini ya mstari wa mtutu. Kushuka huko kunaweza kukokotolewa, na darubini kurekebishwa ipasavyo. Upepo ni mgumu zaidi, kwa sababu ule unaovuma alipo mpigaji huenda si ule unaovuma bondeni katikati. Hata hivyo, mwenye mazoezi mengi anaweza kuukisia.

Kuna jambo moja ambalo hakuna chombo kinachoweza kulipima: kulungu atafanya nini ndani ya sekunde hiyo 0.6. Mnyama anayeanza kutembea kwa mwendo wa kawaida husogea zaidi ya nusu mita katika muda huo. Sehemu ya moyo na mapafu inayolengwa ina upana wa takriban sentimita 20 hadi 25. Kwa hiyo hatua moja tu, ambayo haikuwepo kidole kilipovuta kifyatulio, inatosha kuihamisha risasi kutoka mapafuni hadi tumboni, na kulungu aliyepigwa tumboni anaweza kuchukua saa nyingi kufa. Mpigaji hatakuwa amekosea lolote. Alilenga vizuri, akapima vizuri, akafyatua vizuri. Hata hivyo, kati ya kukusudia na kutokea pamefunguka mwanya ambao ustadi hauwezi kuuziba, kwa kuwa ni wa kiumbe mwingine mwenye hiari ya kutembea.

Hapa ndipo swali la gharama linapoingia. Shabaha ya karatasi haitembei, na ikikoswa haiumii. Shaka ya mpigaji inalipiwa na mpigaji mwenyewe, kwa aibu ndogo mbele ya wenzake. Msituni shaka ile ile inalipiwa na kulungu. Tena mwenye gobore ana risasi moja tu. Moshi unamziba macho wakati hasa anapohitaji kuona mnyama amekimbilia upande gani, na kama alifyatua kutoka mita 300, ni lazima auvuke umbali huo wote kabla ya kuanza kutafuta damu majanini. Yaani udhaifu wa kale haujaondoka wote. Teknolojia imeongeza uwezo wa kufikia bila ya kuongeza kwa kiwango hicho hicho uwezo wa kurekebisha.

5.0 Kujizuia ni kwa Nani?

Mwanafalsafa wa Uhispania, José Ortega y Gasset, katika insha yake kuhusu uwindaji aliyoiandika mwaka wa 1942, alieleza kwamba kadiri silaha za binadamu zilivyozidi kuwa kali ndivyo mwindaji alivyojiwekea mipaka, ili mnyama abakiwe na nafasi yake. William Faulkner, katika hadithi yake "The Bear" ya mwaka huo huo wa 1942, anamwonyesha kijana Isaac akiacha bunduki, kisha saa na dira, ndipo anapojaliwa kumwona dubu. Waandishi hawa wawili hawakuafikiana katika mengi, ila wote wanaichukulia hatua ya kuacha kuwa sehemu ya tendo, si upungufu wake.

Inafuata kwamba zamani silaha ilijizuia kwa niaba ya mtu. Mwenye gobore la gumegume hakuhitaji kuwa mwema ili asifyatue kutoka mita 300. Ilitosha kuwa hakuweza. Sheria zilizoweka msimu maalumu ziliegemea kutoweza huko, kana kwamba maadili yamechongwa ndani ya kitako. Kutoweza kulipoondolewa, dhamana haikutoweka. Ilihamia kwa mtu. Kurudishia kutoweza kwa sheria, kama Colorado ilivyofanya, ni busara, lakini ni kukiri kwamba wengi wetu hatujizuii pale tunapoweza.

6.0 Hitimisho

Hatukutoa idadi ya mita ambayo ndani yake kufyatua ni halali na nje yake ni haramu, kwa kuwa kipimo chetu si mita. Mwindaji ajiulize: ikiwa mnyama atapiga hatua moja wakati risasi ingali njiani, nani atalipia hatua hiyo? Pale jibu linapokuwa "yeye, wala si mimi", amefika mwisho wa umbali wake, hata kama darubini inaona zaidi.

Kazi ya fasihi katika mjadala huu si kuwahubiria wawindaji. Jedwali la mwendo wa risasi linaweza kumweleza mpigaji kila kitu kuhusu safari ya kwenda. Riwaya humrudisha kwa njia ile ile, kutoka kwa aliyepigwa hadi kwa aliyepiga, na kumwonyesha bega la Edwards na macho ya tai. Natty aliyaona macho hayo baada ya kufyatua. Msomaji ana bahati ya kuyaona kabla.